Nimeacha mshahara mkubwa, nimepata zaidi
Miaka 9 nachora ramani za majengo, na mwaka huu ndiyo mara ya kwanza nimesoma mkataba mpaka ukurasa wa mwisho kabla ya kusaini. Ofisi niliyotoka ilinilipa vizuri kwa mwezi, lakini nilikuwa mtu wa mkataba mfupi mfupi: bima ya afya hakuna, likizo yenye malipo hakuna, pensheni hakuna. Hata leseni ya AutoCAD, programu ya kuchorea ramani kwenye kompyuta, nilijilipia.

Kilichoniumiza zaidi ni marekebisho. Mteja anahamisha ngazi mita moja tu, basi plani ya kila ghorofa inabadilika, mikato (michoro ya jengo kama limekatwa wima) inabadilika, jedwali la milango nalo. Unakesha, asubuhi michoro iko mezani kwa mhandisi, na saa zile hazihesabiwi popote.

Siku moja nilikaa nikagawanya mshahara kwa saa zote nilizofanya kazi. Niliumia kweli.

Ofisi mpya mshahara ni mdogo kidogo, ila bima inawagusa na wanangu, mafunzo ya Revit, programu nyingine ya kuchora majengo, wanalipa wao. Mwezi uliopita kwenye hati ya mshahara nimeona mstari wa ovataimu: saa 11. Nimeipiga picha nikamtumia mama watoto.