Nilivyotumia vitufe kama funguo za HashMap

Nilikuwa naandika kwa lugha ya Kotlin programu ya Android yenye skrini iliyojaa vitufe vya sauti: ukibonyeza kimoja unasikika mlio wake, ukikibonyeza tena unakatika. Sikutaka mlolongo mrefu wa masharti ya kuuliza kitufe gani kimeguswa. Nikaunda HashMap, yaani ramani inayohifadhi kila thamani chini ya ufunguo wake; hapa ufunguo ni kitufe chenyewe, na thamani ni MediaPlayer yake, kile kinachocheza mlio.

Ilifanya kazi vizuri, na inafaa kujua kwa nini. HashMap hutumia hashCode, mbinu inayokipa kitu namba yake (heshi), kupata kapu la kutafutia, kisha equals, mbinu ya kulinganisha vitu viwili, kuhakikisha ufunguo ni wenyewe. Klasi ya View, ambayo vitufe hutokana nayo, haijaziandika upya mbinu hizo, hivyo kitufe kinatambuliwa kwa nafsi yake, si kwa rangi wala maandishi yake. Geuza "Cheza" kuwa "Simamisha", ramani bado itakipata. Data klasi, yaani klasi ya kubebea data tu, haiko hivyo: heshi yake hutokana na sehemu zilizotajwa kwenye konstrakta kuu. Badilisha sehemu moja ikiwa imeshaingia kwenye ramani, nawe utarudishiwa null, yaani "hakuna", ilhali kitu kimo humo humo. Na ukitangaza ufunguo kuwa wa aina ya interfesi, yaani orodha ya mbinu ambazo klasi huahidi kuzitekeleza, tazama klasi inayoitekeleza, kwa sababu Kotlin hairuhusu interfesi kubeba equals yake yenyewe. Hapa ndipo wengi hupotea, nami napenda kila anayeanza apaelewe mapema.

Kilichonifikirisha zaidi ni kuzungusha simu. Kwa kawaida Android huiua Activity, yaani skrini ya programu, na kuunda nyingine, yenye vitufe vipya kabisa. Milio nilitaka iendelee, kwa hiyo ilibidi ramani ikae kwenye ViewModel, sehemu ya kutunzia data ya skrini, ambayo haifi simu inapozungushwa. Lakini ramani yenye vitufe vya zamani ingevishikilia, navyo vingeishikilia Activity iliyokwisha kufa, kumbukumbu ijae bure. Isitoshe, vitufe vipya visingepata chochote humo. WeakHashMap, ramani isiyozuia funguo zake kufutwa kwenye kumbukumbu, ingepunguza tatizo la kwanza tu, tena kwa sharti kwamba thamani isirejee kwenye ufunguo wake. Ikirejea, ufunguo hauachiliwi kamwe.

Nikabadilisha ufunguo. Kwenye ViewModel ramani sasa inatumia kitambulisho cha kitufe, ile namba ya R.id, ambayo haibadiliki skrini ikizaliwa upya. MediaPlayer zote naziachilia ndani ya onCleared, mbinu inayoitwa ViewModel inapofikia mwisho wake. Ramani ya vitufe vyenyewe nimeibakiza ndani ya Activity kwa mambo ya muonekano tu, kama rangi ya kuwaka. Activity ikifa, inakufa nayo.

Baadaye skrini ikawa orodha ya RecyclerView, ambako kitufe kimoja hutumikia safu tofauti kadiri unavyoteleza kidole, na vyote vina R.id ile ile. Hapo ufunguo ukawa kitambulisho cha mlio wenyewe, ninachokisoma ndani ya onBindViewHolder, mbinu inayojaza kila safu data yake.