Sola ya banda la kuku: nilivyokomeshwa na wati 50

"Kaka, paneli ya wati 50 na betri ya N70, banda zima linawaka mpaka asubuhi." Muuzaji hakuniuliza nitawasha nini. Na mimi, mtu mzima mwenye kikokotoo kwenye simu, sikujiuliza.

Nilitaka kuwasha balbu mbili za zamani za wati 100 za kupasha joto vifaranga. Ilikuwa Julai, na Julai ya Moshi tunaijua: baridi inang'ata, jua linachungulia mchana kisha linarudi kulala. Nikawasha saa moja jioni. Banda likang'aa kama ukumbi wa harusi, nikamwita mke wangu aje aone. Saa nne usiku inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa balbu za kawaida, ikaanza kulia, tii, tii, tii, halafu giza. Nikakimbia na tochi, nikakuta vifaranga 60 wamerundikana kona moja kama pamba iliyomwagwa. Mama, ambaye tangu mwanzo alisema nitumie mkaa, akatoka na kanga yake, akatia makaa kwenye chungu, akakipandisha juu ya matofali mbali na maranda, akaacha dirisha la juu wazi kidogo hewa ipite. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Asubuhi ndipo nikapiga hesabu. Balbu mbili kwa saa 12 ni wati-saa 2,400. Betri yangu ya N70, yaani amp-saa 70 mara volti 12, ikijaa pomoni ina 840, tena ni ya gari, ukiikausha kila siku haichukui muda inakufa. Paneli ya wati 50, kwa jua letu la Julai ninalolihesabu saa tatu za maana, inaleta 150. Nilichokula usiku mmoja kilihitaji siku nne kurudi!

Joto nikamwachia Mama na mkaa wake. Sola ikabaki na LED tatu za wati 5 kwa saa tano, taa ya nje ya wati 7 mpaka kuche, simu na redio. Kama wati-saa 190 hivi kwa siku, nikaweka 250 ibaki akiba. Gawa kwa saa tatu za jua, unapata kama 83: nikachukua paneli ya wati 100. Betri nikachukua ya jeli, amp-saa 100, ihimili siku mbili za mawingu bila kushuka chini ya nusu. Laki sita na ushee, chai ya fundi sihesabu.

Hapa sasa najisifu. Fundi alitaka kufunga paneli juu ya banda palepale. Nikapanda na chaki, nikachora kivuli cha mparachichi kilipofika saa tatu, saa sita na saa tisa. Banda lote liliguswa. Kona moja tu ya paa la jikoni ilisalimika. Paneli ikaenda huko, ikatazama kaskazini, na waya mnene wa mita nane, maana umeme wa volti 12 hupotea njiani kwenye waya mwembamba. Fundi alinuna, yeye alishakata ule mwembamba.

N70 nilimuuzia dereva wa Noah. Mama naye, kila akipita bandani usiku, huzima taa ya nje. Anasema tunamaliza umeme.