Ufito Laini

Jana mwanangu alizikuta fito mbili za kuvulia samaki za marehemu Mjomba juu ya kabati, akaupinda mmoja kisha mwingine, akataka kujua kwa nini huu unalegea na ule umekakamaa kama mpini wa jembe. Nilimjibu juu juu, kwa kuwa swali hilohilo liliwahi kuninyima kambare pale bwawa la Nyumba ya Mungu.

Mjomba alijifunzia uvuvi Naivasha, Kenya, kwenye besi, samaki wa asili ya Marekani, akarudi Moshi na fito pamoja na kanuni zake. Ufito laini ni wa chambo bandia chenye ndoana za ncha tatu, kwa sababu hupinda samaki anapokurupuka, hivyo ndoana haimchani mdomo. Huo hutiwa mshipi wa nailoni, ambayo nayo hunyumbuka. Ufito mgumu ni wa kwenye magugu, na mshipi wake ni wa kusokotwa, usionyumbuka, ili samaki avutwe kabla hajajificha. Bwawani kwetu besi sikumwona, ila matete yalikuwapo tele.

Asubuhi ile aliniachia nichague. Nilichukua laini, nikidai kwamba natafuta perege, ingawa hasa nilivutiwa na rili yake, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, iliyong'aa. Nikarusha nyungunyungu kando ya matete. Mshipi ulianza kusogea polepole, kana kwamba mtu anauazima. Ghafla ufito ukainama hadi ncha ikagusa maji, na rili ikalia. Nikauona mgongo mweusi, mpana, na sharubu zikipasua uso wa maji. Hapo ndipo nilipokaza breki ya rili, ile inayozuia mshipi usitoke. Nailoni, ya kuhimili kilo 3 tu, ikatoa mlio mwembamba kama wa mbu, kambare akageukia matete bila haraka yoyote, na ufito ukanyooka, mwepesi mno, mikononi mwangu.

"Mjomba, yule hakuwa wa ufito huo," aliniambia, akaendelea kuchambika ndoana yake. Mchana tulipanda basi la kurudi.

Kwa miaka mingi nimeulaumu ufito, pengine kwa kuwa hauwezi kujitetea. Lakini ningeiacha breki ilegee, kambare angeingia matete. Nilipoikaza, mshipi ulikatika. Mjomba, aliyejua vyema ni nani hukaa katika matete yale, alikuwa hatua tatu kutoka nilipo, na ufito mgumu ulikuwa umelala kati yetu, ndoana yake ikiwa na chambo tayari.