Kuwauliza Watu wa 1627: Na Vijana 32 Plimoth Patuxet

Tuliondoka Boston saa mbili kasorobo asubuhi, mwezi Oktoba, vijana 32 na walezi wanne. Kwenda makumbusho ya Plimoth Patuxet, mjini Plymouth, ni kama kilomita 65 kuelekea kusini-mashariki kwa barabara namba 3. Saa moja unusu inatosha ukihesabu foleni ya kutoka mjini. Ndani ya basi tuligawa vikundi vinne vya watu wanane, kila kikundi na mlezi wake, na kila kijana akapewa kipande cha karatasi chenye jina la mtu aliyekufa karne nne zilizopita.

Majina hayo hayakutungwa. Tarehe 22 Mei 1627 wakazi Waingereza wa koloni la Plymouth waligawana ng'ombe na mbuzi wao, na orodha ya mgao huo ipo hadi leo: watu 156 katika makundi 12 ya watu 13, watoto wakiwemo. Kundi la Francis Cooke, kwa mfano, lilipata mtamba mdogo kuliko wenzake kati ya mitamba wanne weusi walioletwa na meli ya Jacob, pamoja na mbuzi jike wawili. Nyaraka za namna hii ndizo zilizofanya makumbusho ya Plimoth Patuxet kukiweka kijiji chake cha Kiingereza katika mwaka huo wa 1627 kwa miaka mingi. Majina ya wakazi yanajulikana. Tena Isaack de Rasieres, katibu wa koloni la Waholanzi, aliutembelea mji mwaka huohuo na kuueleza kwa barua: barabara inayopanda kilima, bustani zilizozungushiwa uzio, ngome juu yenye mizinga sita.

Kijana mwenye jina mkononi huingia kijijini akiwa na kazi ya kufanya. Asiye na jina huingia akiwa na simu.

Kabla ya kushuka tulisema jambo moja na kulirudia mara mbili: leo mtakutana na aina mbili za watu waliovaa mavazi ya kale, na hawaongeleshwi kwa namna moja. Katika kijiji cha Kiingereza, mwenye koti la sufu anaishi karne ya 17. Hajui Marekani ni nini, hajasikia habari za Washington, na hatatoka kwenye uhusika wake hata umbembeleze. Katika makazi ya Patuxet, mwenye vazi la ngozi ya paa ni Mwampanoag, au mtu wa taifa jingine la wenyeji wa asili, na anazungumza kama mtu wa leo. Haigizi. Atakueleza wazee wake walivyoishi, na pia atakueleza jamaa zake wanavyoishi sasa. Vikundi vingi huteleza hapa. Mtoto akimwuliza Mwampanoag, "Hivi nyinyi bado mpo?", kosa ni la mlezi ambaye hakufundisha kabla ya safari. Hali kadhalika kuvaa manyoya kichwani au kupiga ukelele wa sinema: acheni vyote ndani ya basi, au bora nyumbani.

Tulianzia Patuxet. Njia inashuka katikati ya miti kuelekea Eel River, na jambo la kwanza kuonekana ni nyumba za mviringo zenye paa la kuba. Nyumba hiyo kwa lugha ya Kiwampanoag inaitwa wetu. Ndiyo, wetu. Kwa vijana wanaosema Kiswahili neno hilo halihitaji kurudiwa mara mbili, na kicheko chake kilitufaa, maana baada ya hapo hakuna aliyelisahau. Fito mbichi hukitwa ardhini, zikapindwa na kufungwa, kisha zikafunikwa. Magome ya miti hufunika nyumba ya msimu wa baridi, mikeka ya matete ile ya msimu wa joto. Ndefu zaidi huitwa nush wetu, nyumba ya mioto mitatu. Ingieni wachache wachache na mkae chini mara moja, kwa sababu moshi huelea juu. Anayesimama ndiye anayekohoa. Wenye pumu wawe na dawa yao ya kuvuta mfukoni, isiachwe ndani ya basi.

Nje kulikuwa na mishoon, mtumbwi unaochimbwa kwa moto. Moto huwashwa juu ya gogo, kuni zikaachwa ziunguze, kisha makaa na masizi hukwanguliwa, zamani kwa makombe ya chaza na kome. Halafu moto tena. Kazi ni ya siku nyingi, na hatari yake kubwa ni upepo: moto ukielemea upande mmoja unatoboa ubavu na gogo zima limekwenda na maji kabla halijayaona. Ndiyo maana maji hukaa karibu na mtu hatoki. Swali zuri kuliko yote la asubuhi ile lilizaliwa hapa: "Unajuaje ubavu umebaki unene gani?" Mwenyeji wetu aliligonga gogo kwa vifundo vya vidole akatuambia tusikilize. Kikundi kilichouliza "Ni mtumbwi wa kweli?" kilijibiwa ndiyo, basi.

Ni hapohapo panapofaa kusimulia kwamba Patuxet lilikuwa jina la kijiji cha Wawampanoag kabla Waingereza hawajafika. Maradhi ya mlipuko ya 1616 hadi 1619 yalikifyeka, na Waingereza waliposhuka mwishoni mwa 1620 walijenga juu ya mashamba yaliyokwisha kulimwa na wengine. Makumbusho yalianzishwa mwaka 1947, lakini jina la Patuxet liliingizwa katika jina lake mwaka 2020 tu. Ukianza na kijiji cha Kiingereza, habari hii huja kama nyongeza, na vijana huichukulia hivyo. Ukianza hapa, wanapanda kilima wakijua wanapanda juu ya nini.

Kijiji chenyewe kimezungukwa na boma la magogo yaliyosimikwa. Nyumba ni za mbao zilizopasuliwa kwa mkono, paa za nyasi, sakafu ya udongo, nyingi chumba kimoja. Mvua ikiwa imenyesha, barabara ya kati ni tope na mteremko: viatu vya kufunga, soli yenye meno. Hesabuni watu langoni wakati wa kuingia, kwenye ngome juu, na langoni tena wakati wa kutoka. Nyumba zina bustani nyuma, na kijana akizungukia huko haonekani kutoka barabarani. Tulipotelewa na mmoja kwa dakika kumi namna hiyo, akiwa anatazama kuku.

Vijana walipigwa butwaa na Kiingereza. Waigizaji husema kwa lafudhi za majimbo ya Uingereza ya karne ya 17, na watoto wanaosoma kwa Kiingereza kila siku walibaki wakitazamana. Dawa yake ni kuuliza kuhusu kitu kilichopo mkononi. Mwigizaji akiwa anapasua kuni, mwulize kuni hizo zitawaka muda gani. Akiwa ameshika bunduki ya utambi, mwulize mvua ikinyesha anafanyaje. Utambi ukilowa bunduki ni rungu, na jibu utaliona kabla hujalisikia. Maswali ya "umelala wapi", "nani alikufundisha", "umepoteza nani njiani" hufungua mazungumzo ya robo saa. Maswali ya mtego hayafungui kitu. Kikundi kimoja kilitumia dakika nane kumwonyesha mwanamke mmoja simu ili ashtuke. Alikitazama kile kioo kwa adabu, akarudi kwenye chungu chake.

Kuhusu Siku ya Shukrani, ile Thanksgiving ya Wamarekani, waonyeni mapema. Kwa mtu wa 1627 hakuna sikukuu ya jina hilo yenye bata mzinga. Anayo kumbukumbu ya mavuno ya 1621, ambapo Massasoit, kiongozi wa Wawampanoag, alikuja na watu wapatao 90, wakakaa siku tatu, na wakaleta paa watano. Kijana aliyeuliza "Mlikula nini wakati Massasoit alipokuja?" alisimuliwa. Aliyeuliza habari za Siku ya Shukrani aliulizwa yeye: siku hiyo ni ya kumshukuru Mungu kwa lipi.

Karatasi za majina zilifanya kazi kupita tulivyotarajia, na zilikuwa na kasoro moja. Waigizaji wa siku moja hawatoshi kuwa watu 156, kwa hiyo wengi wa vijana hawakumkuta "mtu wao". Tulipaswa kusema tangu mwanzo: usipomkuta, waulize majirani zake. Waliogundua hivyo wenyewe walirudi na umbea wa karne nne.

Tulikula chakula saa saba, tukahesabiana, basi likatupeleka bandarini, kama kilomita tano. Mayflower II ni nakala ya Mayflower, meli iliyowaleta wahamiaji wa 1620; ilijengwa Brixham, Uingereza, ikavuka Atlantiki kwa tanga mwaka 1957. Sitaha ya chini ni fupi. Warefu wainame toka mlangoni. Ngazi zishukwe uso ukiielekea ngazi, mikono yote miwili mitupu, na kwa hiyo mabegi yabaki na mlezi gatini. Vikundi viwili kwa mara moja, si vinne, vinginevyo foleni hukwama palepale ngazini. Tuliwasimamisha vijana 16 chini, tukawaambia wajidhanie 102, kwa siku 66. Hapakuhitajika maelezo mengine.

Jiwe la Plymouth lipo hatua chache kutoka hapo, chini ya nguzo, limechongwa tarakimu 1620. Watoto wote husema "Hili tu?" Waambieni kabla: ni dogo, na wahamiaji wenyewe hawakuandika popote kwamba walilikanyaga. Madai hayo yalitolewa mwaka 1741 na mzee Thomas Faunce aliyekuwa na miaka zaidi ya 90.

Vukeni barabara mpande Cole's Hill, hata kama muda umekwisha. Sisi tuliacha kinu cha maji ili tupate nusu saa hii. Juu kuna sanamu ya Massasoit ikitazama bahari, na bamba linaloeleza kwamba tangu 1970 wenyeji wa asili hukusanyika hapo kila Siku ya Shukrani kufanya Siku ya Kitaifa ya Maombolezo. Tuliwapa vijana dakika tano za kuandika swali moja ambalo hawakupata wa kumwuliza. Saa kumi na nusu tulihesabu 32, basi likawashwa, na maswali yakasomwa kwa sauti hadi Boston. Saba kati yake yalikuwa ya Mwampanoag wa mtumbwi.