Kompyuta Zilizotoka Hospitali

Tarehe 8 Aprili 2014 Microsoft waliacha rasmi kuihudumia Windows XP. Kwa wenye maofisi hiyo ilikuwa habari ya usalama. Kwa sisi mafundi wa Kariakoo ilikuwa habari ya biashara: mashine za zamani zitauzwa, tena kwa mafungu. Haukupita muda minada ikajaa Pentium 4 zenye hard disk (diski ya ndani inayotunza mafaili) za gigabaiti 40 na 80, mashine nzito na ngumu, ambazo ukizipuliza vumbi na kuziongezea ramu zinapiga kazi miaka mingine kadhaa.

Bosi wangu alichukua fungu moja kutoka hospitali ya binafsi. Jina lake nitalimeza. Zilifika Mtaa wa Aggrey kwa kirikuu, zimefungwa kamba, baadhi bado zina karatasi za idara ubavuni: Mapokezi, Maabara, Kliniki. Kijana wa IT aliyekuja kusimamia makabidhiano alinihakikishia kabla hata sijamuuliza, "Dada, zote nimeshazifomati. Tena siyo ile fomati ya haraka, ile ndefu." Bosi akasaini. Mnunuzi alikuwa ameshapatikana, shule moja ya sekondari huko Mbagala iliyokuwa inaandaa chumba cha kompyuta. Mimi nilitakiwa kupuliza vumbi, kubadilisha betri za bodi na kupiga windo upya, basi.

Nisingejua lolote kama si picha za kicheni pati. Mama mmoja alikuwa amefuta picha zote kwenye kadi ya kamera akidhani ameshazihamisha, akaja dukani machozi yanamlenga. Nilikuwa na PhotoRec, programu ya bure iliyotengenezwa na Mfaransa aitwaye Christophe Grenier, lakini sikuwa nimeizoea vya kutosha. Kadi ya mteja si ya kujifunzia. Nikavuta mashine ya juu kwenye rundo la hospitali, nikang'oa hard disk yake, nikaichomeka kwa adapta ya USB na kuiambia programu ichote chochote itakachokuta, imwage kwenye eksteno yangu, diski ya nje.

PhotoRec haina urembo. Ni maandishi meupe kwenye kioo cheusi na namba zinazopanda. Wala haihangaiki na orodha ya mafaili. Inapita diski sekta kwa sekta, yaani kipande kidogo kwa kipande kidogo, ikinusa alama za mwanzo wa kila faili. Picha ya JPEG huanza na baiti FF D8 FF, PDF huanza na %PDF. Ikikuta alama, inachota, na kwa kuwa jina la awali halipo tena, inaliita faili kwa namba ya sekta: f0482736.jpg, f0491200.doc. Nilitegemea kuona mabaki ya Windows, vitufe na vipicha vya mapambo. Nilipofungua folda ya kwanza nikakuta ultrasaundi. Nyingine chini yake. Kisha barua ya rufaa iliyopigwa skani, na muhuri wake. Kisha faili la Excel lenye safu za namba ya kliniki, jina, umri, simu, mtaa anaoishi mtu, na safu ya mwisho, majibu ya kipimo.

Sikusoma mstari wa tatu. Nilimwita bosi.

"Si wamefomati?" akauliza.

Nikamweleza kwamba fomati ni sawa na mwenye nyumba anayeng'oa vibao vya majina milangoni: mgeni atadhani nyumba tupu, kumbe wapangaji wote wamo ndani. Hata nikipiga windo upya, itakalia gigabaiti kumi na kitu za mwanzo, na zile sitini zilizobaki zitaendelea kukaa na siri zake mpaka Mbagala, kwa wanafunzi, ambao ndio watu wenye muda na udadisi kuliko wote duniani.

Bosi hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mfanyabiashara. Mwalimu wa shule alikuwa anapiga simu kila asubuhi. "Hayo ni makosa ya hospitali," alisema. "Sisi tumenunua vyuma." Pengine mzigo ungeondoka hivyo hivyo. Lakini habari ikavuja. Kwenye fremu zile ukikohoa huku, jirani anakuambia pole. Jioni ile vijana wa fremu za pembeni walishaanza utani: dada fundi ana mafaili ya hospitali, hebu niangalizie fulani, ha ha ha. Nikawafukuza, wakacheka, wakaondoka.

Mmoja alirudi peke yake tulipokuwa tunafunga. Safari hii hakucheka. Alinisogezea risiti iliyokunjwa, nyuma yake ameandika jina la mwanamke, majina matatu, kwa kalamu, herufi kubwa. "Nataka kujua tu, dada. Kabla wazee hawajapeleka mahari." Nikamrudishia karatasi yake. Akaanza kunibembeleza, mara akataja na pesa. Sikuwa na habari kwamba bosi alikuwa amesimama nyuma ya kabati la chaja, anasikia kila neno.

"Kijana, nenda nyumbani," alisema. Kisha akanigeukia mimi. "Hazitoki hapa hizi mpaka zimefutwa. Zote."

Wakati ule Tanzania haikuwa na sheria ya kulinda taarifa binafsi; hiyo ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Ile ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 ilikuwepo, nayo inataka majibu ya mtu yabaki siri. Bosi hakuwa ameisoma hata hiyo. Ila alikuwa na mabinti.

Asubuhi nikampigia kijana wa IT. Alikuja juu kwanza, na nilimwelewa. "Dada, nilikaa karibu saa nzima kwa kila mashine! Nitakudanganya ili iweje?" Hakudanganya. Alikuwa ametumia XP, na kwenye XP fomati ndefu inachofanya cha ziada ni kukagua diski kama ina sekta mbovu. Inasoma tu, haiandiki juu ya data. Kuanzia Vista, Windows iliyofuata, ndipo Microsoft waliibadilisha ikawa inaandika sifuri diski nzima. Yaani muda wote alioupoteza pale hospitali, mashine ilikuwa inasoma majibu ya wagonjwa kwa uangalifu mkubwa na kuyaacha kama yalivyo. Akakaa kimya. Halafu akauliza umeona nini. Nikamwambia nimeona vya kutosha.

Tukaingia kwenye ubishi wa namna ya kufuta. Mpwa wa bosi alikuwa amemjaza kwamba diski lazima iandikwe juu mara 35, la sivyo Wamarekani wanasoma. Hiyo 35 ina baba yake: Peter Gutmann wa New Zealand, aliyeandika mwaka 1996 kuhusu diski za enzi hizo, zilizokuwa zinatunza data kwa mifumo tofauti tofauti. Mikupuo yake, yaani zile mara za kuandika juu, imekusanya mifumo yote, kwa hiyo hakuna diski moja inayoihitaji yote 35, na yeye mwenyewe baadaye alisema kwa diski za kisasa ni kazi bure. Shirika la viwango la Marekani, NIST, lilishaandika mwaka 2006 kwamba kwa diski zilizotengenezwa baada ya 2001, zinazozidi gigabaiti 15, mkupuo mmoja unatosha hata dhidi ya maabara. Bosi hakuvutiwa na NIST. Kilichomshawishi ni hesabu. Diski inayoandika megabaiti 50 kwa sekunde itamaliza gigabaiti 80 kwa kama nusu saa. Zidisha mara 35: ni zaidi ya masaa 15 kwa mashine moja, kwa umeme wake yeye.

"Piga mara moja," alisema.

Nilitumia DBAN, programu ya kufuta diski. Ni sidii moja tu: unawasha mashine kwa sidii, unachagua diski, unachagua namna ya kufuta, unabonyeza F10 na kwenda zako. Nilichagua ile ya haraka, inayojaza sifuri mkupuo mmoja. DBAN ina tabia mbaya moja, haina huruma wala haikujui. Ukiipa ruhusa inafuta kila diski iliyochomekwa. Kwa hiyo mashine ya duka, yenye mahesabu ya bosi, niliihamishia fremu ya pili kabisa. Nikapanga za hospitali nne nne juu ya meza na sakafuni. Joto la feni zile sina la kulifananisha nalo. Umeme ukikatika, unaanza upya, na wiki ile ulikatika kwa makusudi, nadhani. Eksteno yangu nayo ikaingia kwenye foleni, maana nakala za PhotoRec zilikuwa humo. Nikahamisha kwanza taarabu zangu.

Kufuta bila kukagua sikukubali. Kila iliyomaliza niliiwasha kwa Linux ya sidii na kuisoma kwa hexdump, programu inayoonyesha baiti zilizomo kwenye diski. Diski yenye data inakumwagia mistari mpaka macho yaume. Iliyofutwa inakupa mstari mmoja wa sifuri, chini yake nyota, maana yake "vivyo hivyo mpaka mwisho", halafu namba ya mwisho wa diski. Mistari mitatu kwa gigabaiti 80. Bosi aliiangalia ya kwanza akauliza kama programu imeharibika. Kufika ya tano akawa anakuja mwenyewe kuitafuta nyota.

Mbili zilikataa. Zilikuwa zinagonga, tik, tik, na DBAN ikatoa makosa. Diski ikianza kuchoka huhamisha data kutoka sekta mbovu kwenda za akiba, na ile sekta ya zamani inabaki na kilichomo, programu ya kawaida haiifikii tena. Hizo zilihitaji mkono. Bisibisi ya nyota yenye ncha sita (Torx), skrubu moja imejificha chini ya stika (bila kujua hilo utaparua mfuniko siku nzima), na ndani sahani zinang'aa hadi unajiona uso. Za kompyuta ya mezani kwa kawaida ni za aluminiamu, hazipasuki, zinapinda; nilizisugua kwa msasa pande zote, nikazipinda kwa koleo na kuzitoboa kwa msumari. Za laptopu mara nyingi ni za kioo, nazo ukizigonga zinaruka vipande, kwa hiyo vaa miwani. Sumaku za ndani vijana waligombania. Magamba akachukua mtu wa skrepa, akayapima kwa mzani wake wa kuning'iniza, na kupunja akapunja.

Nikiulizwa leo kuhusu zile SSD za siku hizi, diski zisizo na sahani ndani, huwa nasema sidii ile isaidie kufunikia kikombe cha chai. SSD inahamisha data yenyewe kutoka sehemu hadi sehemu na kujiwekea akiba usiyoiona, kwa hiyo unatumia amri ya kufuta iliyomo ndani ya diski yenyewe, au uwe umeiwekea nywila ya usimbaji (kuifunga data isisomeke bila nywila) tangu siku ya kwanza.

Shule ilipata mashine zake kwa kuchelewa, mwalimu akanuna, akalipa. Bosi alimtaka kijana wa IT alete pesa ya kazi ya kufuta. Alileta kidogo, kutoka mfukoni mwake nafikiri, akaomba tumwandikie karatasi kwamba diski zimefutwa na kukaguliwa. Nikaiandika, namba ya kila diski moja moja.

Miezi ikapita, hospitali ile ikatangaza mnada mwingine. Bosi akaenda mwenyewe. Saa nne akanipigia, na sauti yake nilijua hana raha.

"Wameng'oa hard disk zote. Zote! Mashine zimekaa mbavu wazi. Sasa mimi diski nitanunua wapi za rundo lote hili? Wewe na huyo kijana wako mmenitia hasara."

Kabla sijajibu nikamsikia anamgeukia dalali, simu bado iko hewani. "Ndugu yangu, hizi ni maboksi matupu. Njoo tuongee bei."