Siku ya kura mtaa wa Kubwa

Saa 10 alfajiri. Nimeamka bila kengele. Mwili bado uko Mombasa, ambako sasa ni saa 12. Ni Jumamosi, 25 Februari 2023. Nigeria inachagua rais, maseneta na wabunge, nami nimo Abuja kama mwangalizi. Noti mpya za naira hazipatikani mjini, kwa hiyo kifungua kinywa ni ndizi mbili za jana.

Saa 1 na nusu. Tumefika mtaa uitwao Kubwa. Mswahili hukosi kucheka, maana kituo chenyewe ni meza mbili chini ya mwembe. Wapiga kura wamekuja na viti vya plastiki, wamejiorodhesha majina kwenye karatasi. Makarani bado.

Saa 3 na dakika 20. Wameingia, wengi wao vijana wa huduma ya taifa. Kila jicho liko kwenye BVAS, kidude mfano wa simu pana. Unaweka kidole. Kidole kikikataa, kamera inausoma uso wako na kuulinganisha na picha uliyopigwa siku ya kujiandikisha.

Saa 4. Bibi mmoja mwenye kilemba. Kidole cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Mikono ya jembe ile, alama zimesuguka zikaisha. Karani akainua kamera, nayo ikagoma. Mimi nilishaona tatizo: jua lilikuwa mgongoni kwake, uso wote giza. Lakini mwangalizi haruhusiwi kuingilia, nikauma ulimi. Foleni ikanisemea: "Mama, geuka huku! Pandisha kilemba!" Akageuka, ikakubali. Vigelegele.

Saa 6. Kijana mwenye ndevu nyingi. Kidole hapana, uso hapana. Kwa kanuni za hapa, yote mawili yakishindikana hupigi kura. Akaondoka na kadi yake mkononi, hakugombana na mtu.

Agosti 2022, kwenye uchaguzi wa Kenya, nilikuwa karani Kisauni, Mombasa. KIEMS, kifaa chetu cha kutambua wapiga kura, kilisoma vidole, si nyuso. Kidole kikigoma tulitafuta kwa namba ya kitambulisho, picha ikatokea, nikaitazama, nikamtazama mwenyewe, mawakala wakishuhudia, ikajazwa Fomu 32A, ya wale ambao kidole kimewakataa. Jicho la karani lina maradhi yake, undugu na kitu kidogo vikiwemo. Ila lingeweza kumuuliza yule kijana: ndevu umefuga lini?

Saa 8 na nusu. Muda wa kupiga kura umekwisha, ila waliokwisha kupanga foleni watapiga.

Saa 12 jioni. Kura zinahesabiwa kwa sauti, umati mzima ukiitikia namba, simu zikimulika. Kidude kilichosoma nyuso tangu asubuhi sasa kinapiga picha fomu ya matokeo.

Saa 4 usiku. Hotelini najaza dodoso. "Je, kifaa kilifanya kazi?" Ndiyo au hapana. Nimeweka alama kwenye ndiyo. Habari za yule kijana nimeziandika pembeni, kwa herufi ndogo, maana hazikuwa na kisanduku.