Bibi harusi akinyamaza

Kwetu Tanga, siku ya nikaha, shekhe haozeshi mpaka bibi harusi aulizwe. Baba au ami yake husimama mlangoni na mashahidi wawili: "Fulani bin fulani anataka kukuoa kwa mahari kadhaa. Umeridhia?" Ndani udi unafuka, mashangazi wamejaa hadi kitandani, macho yote yako kwake. Akiinamisha kichwa tu, vigelegele vinapasua dari.

Ukimya huo una asili tukufu. Bi Aisha alimwambia Mtume (S.A.W.) kwamba bikira huona haya kusema, naye akajibu kuwa kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Ni huruma kubwa ile: binti hakulazimishwa kutamka analoonea haya mbele ya wanaume. Lakini aliulizwa kwanza! Na mwanamke aliyewahi kuolewa kimya chake hakitoshi; yeye ni lazima aseme. Khansa bint Khidam, mwanamke wa aina hiyo, aliozwa na baba yake bila kupenda, akaenda kushtaki, Mtume akaivunja ndoa ile. Wanazuoni wamejadili mpaka kilio cha mwari, kama ni cha haya au cha kukataa. Sisi tunapitisha kila kimya kuwa ndiyo.

Mimi ni somo, mfundaji wa wari, yaani mabinti wanaoandaliwa kuolewa; kadhaa wamepita mikononi mwangu. Mmoja wao posa yake ilipojibiwa nilimkuta kakaa mkekani anachomoa nyuzi za pindo la kanga, moja moja, anazipanga kwenye goti. Nikafunga mlango. Nikamuuliza, "Mwanangu, huyu mume unamtaka?" Hakuniangalia. "Somo, si mmeshakubali?"

Usiku uleule nilikwenda kwa mama yake. Baba mtu alifoka, akasema nimewatia aibu mtaani, ila posa ilirudishwa, na mahari hayakuwa yamepokelewa bado.

Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka kila mmoja aridhie kwa hiari yake. Hiari gani itapatikana siku pilau iko jikoni na wageni wa Pemba wameshavuka bahari? Kwa hiyo wenye mabinti, nawaomba: muulizeni mapema, kabla hamjawajibu wenye posa, na amuulize mtu mmoja tu anayemwamini. Akinyamaza, mpeni siku mbili tatu, kisha aulizwe tena.